Mashindano ya Dola 500

Mwaka 1956, huko California nchini Marekani, fundi aliyeitwa Art Ingels, ambaye riziki yake ilitokana na kuunda magari ya mbio katika karakana ya Kurtis Kraft, alichomelea mabomba machache ya chuma akishirikiana na sahibu yake Lou Borelli, akayatia magurudumu manne madogo, na nyuma ya kiti akafunga injini iliyokusudiwa mashine ya kukatia majani. Ikapatikana gari isiyo na bodi wala springi, ambayo dereva wake huketi karibu kabisa na ardhi. Ndiyo gokati ya kwanza. Ilienea duniani kwa kasi ya ajabu, na mabingwa kama Ayrton Senna na Michael Schumacher walijifunza udereva utotoni mwao juu ya chombo cha jinsi hii. Walakini mali ilipoingia uwanjani, fundi wa kawaida alianza kusukumwa kando, na mchezo uliozaliwa kwa vyuma na injini ya bustani ukawa aghalabu ni wa watoto wa wenye nacho.

Kwa sababu hiyo nawasifu bila kusita wale mafundi wa Chicago ambao, mwaka 2009, katika karakana ya ushirika iitwayo Pumping Station: One, ambamo wanachama huchanga ada na kutumia zana kwa shirika, walianzisha mashindano ya namna nyingine wakiongozwa na Jim Burke. Walichukua vigari vya plastiki viitwavyo Power Wheels, ambavyo watoto wa Kimarekani huviendesha uani kwa mwendo wa mtu atembeaye haraka, wakatoa kila kilichokuwamo ndani, wakabakiza umbo la nje, kisha wakatia fremu ya chuma, mota yenye nguvu na magurudumu ya mpira, hata mtu mzima akaweza kujikunja juu yake, magoti yakimkaribia kidevu, akashindana na wenzake. Mashindano hayo yakapewa jina la Power Racing Series, yakahamia kwenye maonyesho ya mafundi ya Maker Faire, yakiwamo yale ya Detroit yaliyofanyika katika viwanja vya makumbusho ya Henry Ford. Masharti yake ni mengi, bali roho yake ni mawili: gharama ya kigari isizidi dola 500, na umeme utokao betrini usizidi wati 1440.

Wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Mwenye betri za volti 36 ataruhusiwa ampea 40, na mwenye volti 48 ataruhusiwa 30. Wote wawili watakuwa na nguvu za farasi wasiotimia wawili, nazo ni chache mno kwa kubeba mtu mzima kwa kishindo. Mlinzi wa sharti hili ni fyuzi. Na hapa ndipo hikima inapoanza, kwa sababu fyuzi haikatiki mara tu umeme unapopita kiwango, ila hukatika joto linapotosha kuuyeyusha uzi wake, na joto huhitaji muda. Dereva aliyeielewa fyuzi yake atavuta umeme mwingi kwa nukta chache anapotoka konani, kisha atalegeza mguu ili uzi upoe. Na asiyeielewa ataikata katika mzunguko wa kwanza, asimame kando akiwatazama wenzake wakipita.

Mota nazo hutafutwa palipo rahisi: katika vibaskeli vya umeme vilivyotupwa, katika viti vya magurudumu vya wagonjwa, katika mitambo chakavu ya viwandani. Adui wa mota ni joto, na umeme unaopita ukiongezeka mara mbili, joto ndani ya waya zake za shaba huongezeka mara nne. Waya hizo zimepakwa vanishi nyembamba izitengayo, na vanishi ikianza kuungua hutoa harufu kali ambayo fundi akishainusa hawezi kuisahau. Dawa yake imo katika cheni na sproketi. Tuseme mota yazunguka mara 3000 kwa dakika, sproketi yake ina meno 10 na ile ya ekseli ina meno 60: ekseli itazunguka mara 500, na gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 25 litakipeleka kigari karibu kilomita 24 kwa saa. Mtu mwenye tamaa ataweka sproketi ndogo nyuma ili apate kilomita 40, na kwenye karatasi atazipata. Lakini uwanjani, penye kona kila hatua chache, mota yake itaelemewa kila inapoanza kushika mwendo, itavuta umeme bila kipimo, na ile harufu itafuata.

Jambo linalonishangaza kuliko yote ni ekseli ya nyuma. Gari la kawaida lina difu, inayoliacha gurudumu la nje ya kona lizunguke haraka kuliko la ndani, kama vile askari wa mwisho wa safu ya gwaride avutavyo hatua ndefu wenzake wanapogeuka. Gokati haina difu. Ekseli yake ni chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na kwa kanuni yapasa ikatae kukata kona, ikaburuta mpira na kwenda mbele. Mafundi wa zamani walilitatua jambo hili kwa ustadi adhimu: pini zinazoshika magurudumu ya mbele zimelazwa kidogo kuelekea nyuma, kiasi ambacho usukani ukizungushwa, gurudumu la mbele la ndani hushuka na la nje hupanda, fremu, maadam haina springi, hujipinda kwa unyumbufu wa chuma chenyewe, na gurudumu la nyuma la ndani huinuka likaachana na ardhi kwa unene wa kidole au pungufu. Kwa nukta hiyo gari husimama juu ya matatu, ikageuka kwa wepesi. Kwa hiyo mwenye kuongeza mabomba akidhani anaimarisha fremu yake huenda akaiua. Itakaza, haitajipinda ipasavyo, na kigari kitapoteza wepesi wake wa kona.

Katika betri, wengi wa mwanzo walitumia zile za risasi na asidi, kwa kuwa ni rahisi. Betri mbili za volti 12, kila moja ya ampea-saa 18, zina wati-saa 432, nazo kwa hesabu tupu zingedumu dakika 18 katika nguvu ya wati 1440. Hazidumu. Mjerumani Peukert alikwisha kuonyesha mwaka 1897 kwamba betri ya risasi inyonywayo kwa pupa hutoa kidogo kuliko inyonywayo taratibu, na katika mashindano pupa ndiyo ada. Wengine wakageukia betri za magari ya haibridi yaliyopata ajali, na za lithiamu, zilizo nyepesi na zenye nguvu nyingi, lakini zikijazwa kupita kiasi au zikitobolewa huweza kushika moto usiozimika upesi. Hata volti 48, zisizotisha ngozini, zina hatari yake: spana ikiangukia nguzo mbili za betri hugeuka nyekundu na kujichomelea hapo hapo, na pete kidoleni itafanya vivyo hivyo. Avue pete kila ashikaye betri, na swichi ya kuzimia iwekwe mahali ambapo dereva na mtu aliye nje wataifikia kwa pigo moja la mkono.

Lipo sharti la tatu ambalo nalipenda ghaya ya kulipenda. Watazamaji nao hutoa pointi, si kwa mwendo, bali kwa haiba: kigari kilichopambwa kwa ubunifu, timu iliyovaa mavazi ya ajabu, dereva anayeufurahisha umma. Pointi hizo hujumlishwa pamoja na zile za mbio, hivyo timu ambayo mota yake imeungua asubuhi bado ina kazi ya kufanya mchana kutwa.