Mbegu ya uyoga: maswali matano kabla ya kutoa pesa



Leo siandiki juu ya mihogo wala mpunga. Nataka kuwaeleza namna nilivyoharibu mbegu ya uyoga ya kikundi cha bamama hapa Luvungi, mimi mwenyewe, agronomu mwenye diploma.

Bamama wale walitoa pesa katika MUSO yao. Majani makavu ya mpunga walikuwa nayo, hayakuwagharimu kitu. Nyumba ya udongo ilikuwa tayari. Nikapanda Bukavu, nikanunua chupa za mbegu kwa muuzaji niliyemkuta siku ile ile. Sikumuuliza neno. Nikazipanga katika kartoni, kartoni ikafungwa juu ya bisi pamoja na mizigo mingine. Tukashuka milima ya Ngomo wakati wa mchana, tukasimama Kamanyola muda mrefu, jua linapiga. Kesho yake tukapanda. Baada ya wiki mbili, karibu mifuko yote ilikuwa ya kijani.

Wengine walisema ni jicho baya la majirani. Wengine walisema majani ya mpunga hayafai. Lakini mama mmoja aliniuliza: "Agronomu, ile mbegu ilikuwa na siku ngapi? Na huyo mutu aliitoa wapi?" Sikuwa na jibu. Maswali yake ndiyo yamezaa makala hii.

Mbegu hii iko hai

Mbegu ya mahindi imelala. Unaweza kuiweka katika gunia mpaka musimu ujao. Mbegu ya uyoga hailali. Ni nyuzi nyeupe za uyoga zilizooteshwa juu ya nafaka iliyopikwa na kusafishwa kwa mvuke, mara nyingi mtama au ngano. Nyuzi zile zinapumua, zinakula, zinazeeka. Joto kali linaziua. Ndani ya frigo, mbegu nzuri inaweza kungoja wiki kadhaa. Bila frigo, kwa joto letu la bonde la Ruzizi, afadhali uipande siku ile ile au kesho yake.

Kwa mahindi na maharagwe tumezoea kutafuta etiketi ya SENASEM. Kwa uyoga, mara nyingi unapewa chupa isiyo na hata neno moja juu yake. Basi wewe mwenyewe uwe mkaguzi.

Maswali matano kwa muuzaji

1. *Ni uyoga wa aina gani?* Akikujibu "uyoga mweupe" tu, haitoshi. Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya bahari, kuna baridi. Sisi huku chini tuko na joto. Pleroti ya kawaida (Pleurotus ostreatus) inapenda baridi ili itoe vichwa. Kwa Luvungi tafuta aina inayovumilia joto, kama Pleurotus pulmonarius, au ile ya rangi ya waridi, Pleurotus djamor. Mbegu inaweza kuwa nzima kabisa, ikazaa vizuri Bukavu, ikakataa kwako.

2. *Ilitengenezwa tarehe gani?* Tarehe iandikwe juu ya chupa, isiwe kichwani mwa muuzaji.

3. *Ilizaliwa kutoka kwa nini?* Mtengenezaji wa kweli ana mbegu mama, anayoitunza katika maabara. Kutoka kwa mama anazalisha mbegu ya kupanda. Mwingine anachukua mbegu ya kupanda, anaigawa katika chupa nyingine, halafu tena katika nyingine. Kila mara nguvu inapungua na uchafu unaingia.

4. *Ilitunzwa wapi?* Omba kuona mahali. Muuzaji anayekuonyesha frigo yake na sufuria yake ya mvuke ana cha kuonyesha. Anayekutana nawe barabarani tu, mshukuru, uendelee na safari.

5. *Ikiharibika, tunafanya nini?* Aandike jina lake na tarehe kwenye karatasi ya malipo. Asipotaka kuandika, amekwisha kujibu.

Angalia chupa kwenye mwanga

Mbegu nzuri ni nyeupe pande zote, mpaka chini. Ukiitikisa, nafaka zinaachana. Inanukia uyoga mbichi. Ukiona unga wa kijani, madoa meusi au rangi ya chungwa, rudisha. Kama nafaka zinateleza na zinanuka uchachu, ni bakteria; rudisha. Maji ya manjano chini ya chupa, au vichwa vidogo vya uyoga vilivyoanza kuota ndani, ni dalili kwamba imezeeka au imeteseka.

Jaribu kwanza

Usinunue mbegu ya mifuko 100 siku ya kwanza. Nunua chupa moja. Andaa mifuko 6 kwa majani yale yale, yaliyochemshwa siku ile ile, na yakamuliwe mpaka yatoe matone machache tu ukiyafinya mkononi. Katika mifuko 5 weka mbegu: kwa kila kilo 10 za majani yaliyolowa, gramu 300 mpaka 500. Mfuko wa 6 usiweke kitu. Funga yote, weka mahali pamoja pa kivuli.

Ule mfuko wa 6 ndiye shahidi wako. Kama nao unageuka kijani, kosa liko kwetu: majani hayakuiva vizuri. Kama wenyewe umebaki safi, na ile mingine ukijani unaanzia juu ya punje za mbegu, mwenye kosa ni mbegu. Bila shahidi huyu, sisi na muuzaji tutagombana bure, na kila mutu atamtuhumu jirani.

Barabara nayo inaua

Mimi sijui hata leo kama mbegu yangu ilikufa dukani au juu ya ile bisi. Sasa ninasafiri alfajiri, chupa ziko miguuni mwangu ndani ya kartoni yenye magazeti, si juu ya paa. Ninampigia simu mwenyekiti kwanza: majani yachemshwe kabla sijafika. Mbegu isingoje majani.

Ng'ambo ya mpaka, huko Rubona katika wilaya ya Huye, Rwanda, kuna kituo cha Wachina na Wanyarwanda kilichofunguliwa mwaka 2011, kinachofundisha kilimo cha uyoga kiitwacho Juncao. Wakulima wengi wa Rwanda hawanunui chupa ya mbegu. Wananunua mifuko iliyokwisha kupandwa, wanayoiita imigina. Kwa kikundi kinachoanza, njia hiyo inapunguza hatari. Lakini kabla ya kuvusha kitu hai, pita kwa watu wa SQAV mpakani uulize karatasi zinazohitajika. Usifiche katika mzigo.

Na ule uyoga wa dawa?

Kuna wanaopita wakiuza mbegu ya Ganoderma, wakisema unatibu kila kitu na dola zitafuata. Uyoga huo upo kweli, na huko Asia umetumika tangu zamani. Lakini ni mgumu na mchungu, hauliwi na bugali. Unapandwa zaidi juu ya unga wa mbao, unachukua miezi, na uchafu mdogo tu unauharibu. Usiache dawa ya hospitali kwa ajili yake. Na kabla ya kupanda, muulize muuzaji swali la sita: nani atanunua mavuno? Kama mnunuzi ni yeye peke yake, subiri. Jifunzeni kwanza na pleroti, ambayo tukikosa soko, watoto wataila.

Bamama wa Luvungi walirudia. Safari hii walijaribu chupa za wauzaji wawili, pamoja na mfuko wa shahidi. Mbegu moja ilikuwa nyeupe ndani ya wiki tatu, nyingine ilibaki na mabaka ya kijani. Walinunua kwa yule wa kwanza. Yule mama aliyeniuliza sasa ndiye anashika kaye ya kikundi: tarehe, jina la muuzaji, saa mbegu ilipofika, mifuko iliyoharibika. Nikifika na chupa, hanikaribishi kiti kabla sijajibu.