Damu Haipimwi kwa Macho: Safari ya Binti wa Lizaboni Kuelekea Udaktari wa Akina Mama

Mwezi Julai Songea ina baridi ya kuingia mpaka kwenye mifupa, na nyumbani kwa mama yangu, Lizaboni, watu huhamia jikoni. Tulikuwa humo jioni moja, jiko la mkaa likiwa katikati yetu, binti wa kaka yangu alipochukua jagi la maji ya rozela yaliyobaki tangu mchana, akayamwaga juu ya kanga kuukuu aliyoitandaza sakafuni. Kanga ikanywa. Akatugeukia.

"Bibi, hapa kuna vikombe vingapi?"

Mama akasema kimoja. Mimi nikasema viwili, kwa kujiamini kabisa, maana nimezaa watoto wanne na nimefua kanga za uzazi tangu nikiwa msichana. Vilikuwa vitatu na nusu. Alikuwa amevipima kabla ya kuvimimina kwenye jagi.

"Ndivyo tunavyowapoteza, shangazi," akasema. "Tunaangalia kanga, tunaona kidogo."

Binti huyu yuko mwaka wa nne wa masomo ya udaktari, Dar es Salaam. Jina lake silitaji kwa sababu ameniomba. Anasema hajawa daktari bado, na hataki watu wa mtaani waanze kumwita hivyo kabla ya wakati. Ombi hilo tu linanionyesha alivyobadilika. Miaka minne iliyopita, siku aliyopanda basi kwenda chuoni, nusu ya mtaa walikuwa wameshamwita "dokta", naye alikuwa akiitikia.

Alivyoingia kwenye udaktari ni hadithi ya kawaida. Alifaulu sayansi kidato cha nne, akapangiwa tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, na tangu hapo kila mgeni aliyeingia uani alimwambia atakuwa daktari. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Wito hakuwa nao. Alikuwa na alama. Nasema hivyo bila kumdharau, maana nadhani wengi wanaosoma fani hii huingia kwa mlango huohuo, na wito huwakuta ndani.

Kwetu mlango huo hufunguka mapema. Marekani, kijana anayetaka udaktari husoma kwanza shahada nyingine kwa miaka minne, akichukua kemia na baiolojia humo humo, ndipo aombe nafasi ya chuo cha udaktari kwa miaka mingine minne. Ana muda wa kujijua. Kwetu anatoka kidato cha sita, na baada ya miezi michache amesimama mbele ya maiti chumba cha anatomia, akiwa na miaka 19 au 20. Kukua kwake kote kunatokea ndani ya kazi yenyewe.

Mwaka wa kwanza alipata sapu ya Biokemia. Alituficha. Mimi nilijua baada ya mwaka mzima, na kwa bahati mbaya tu. Kumbe likizo ile aliyotuambia amebaki chuoni "kusaidia utafiti" alikuwa akijiandaa kurudia mtihani, bumu, yaani pesa ya mkopo, limekwisha, anakula mara moja kwa siku. Nilimuuliza kwa nini hakupiga simu. Akanijibu kwamba katika ukoo mzima yeye ndiye anayejulikana kwa kutofeli, na hakujua angekuwa nani akishafeli.

Sapu hiyo ndiyo iliyomfundisha kusoma. Kabla yake alikuwa akikariri madesa ya waliomtangulia, mstari kwa mstari, kama alivyozoea tangu sekondari. Baada yake alijiunga na wenzake wanne, wakawa wanafundishana usiku, na kanuni yao ilikuwa moja: asiyeelewa lazima aseme. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto wetu kila siku. Lakini kwa msichana aliyesifiwa akili tangu darasa la kwanza, kusema "sijaelewa" mbele ya watu ni kama kuvuliwa nguo.

Wakati huo ndoto yake ilikuwa upasuaji wa moyo. Akina mama hawakuwa akilini mwake. Wodi ya wazazi aliiona mahali pa kelele, kazi ya wakunga.

Mwaka wa nne zamu ikampeleka leba. Usiku mmoja, ananisimulia, mama mmoja alijifungua salama, mtoto akalia, kondo la nyuma likatoka, kila mtu akashusha pumzi. Mkunga, mtu mzima wa miaka mingi kazini, akamuuliza yeye mwanafunzi: damu iliyotoka ni kiasi gani? Akaangalia zile nguo, akajibu kama alivyofundishwa kujibu, haraka na kwa sauti: mililita 300. Mkunga hakumkaripia. Alizipima nguo kwenye mzani, akatoa uzito wa nguo kavu. Ilikuwa imekaribia 700. Mpaka mwanafunzi anamaliza kuhesabu sifuri zake, mkunga alikuwa ameshaanza kusugua tumbo ili kizazi kibane, ameita wenzake, dawa ya kubana kizazi imeshaingia, dripu inatiririka. Yule mama alipona. Asubuhi alikuwa akinyonyesha.

"Ningekuwa peke yangu," binti akasema, "ningeandika 300 kwenye faili, nikaenda kunywa chai."

Shirika la Afya Duniani limekuwa likihesabu mililita 500 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida kuwa ni kutokwa damu kupita kiasi. Macho hayaioni. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania yetu, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Kwenye hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida, tatizo liligunduliwa kwa takriban nusu tu ya wanawake waliokuwa nalo. Kwenye hospitali zilizotandika chini ya mama shuka la plastiki lenye mfuko na alama za vipimo, liligunduliwa kwa zaidi ya 9 kati ya kila 10. Alama ikifikiwa, tiba zote zilitolewa kwa pamoja bila kusubiriana: kusugua kizazi, dawa ya kukibana, asidi ya traneksamiki ya kuzuia damu, dripu, na kukagua chanzo. Madhara makubwa, yakiwemo kutokwa damu kupindukia, kupasuliwa tumbo na kifo, yalipungua kwa asilimia 60.

Hapakuwa na mashine mpya humo, wala dawa ambayo haikujulikana. Ni mfuko wa plastiki wenye mistari, na watu waliokubali kwamba macho yao yanadanganya.

Nadhani hilo ndilo lililomgeuza binti yetu. Moyo ulimvutia kwa sababu ulionekana mgumu, wa watu wenye akili. Leba ilimwonyesha ugumu wa namna nyingine: kuwa macho saa tisa usiku, kutoamini jibu lako la kwanza, kujifunza kutoka kwa mtu ambaye cheti chake ni kidogo kuliko kitakachokuwa chako. Siku zile nyingine za zamu, ananiambia, alikuwa akimfuata yule mkunga kama mtoto anavyomfuata mama yake sokoni.

Nchi nayo imekua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Wanaojifungulia kwenye vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81 katika kipindi hicho. Vituo vingi vya afya vilipata vyumba vya upasuaji, na mfumo wa m-mama ulianza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022: mama akipata dharura, mnapiga 115 bila malipo, na gari la wagonjwa likikosekana anatafutwa dereva wa eneo hilo aliyesajiliwa. Kwa mkoa kama wetu wa Ruvuma namba hiyo ni uhai. Kutoka Tunduru hadi Songea ni zaidi ya kilomita 250, na mama anayetokwa damu hahesabu kilomita, anahesabu dakika. Asidi ya traneksamiki niliyoitaja inatakiwa itolewe ndani ya saa 3 tangu kujifungua.

Likizo hii nimemwona akifanya kazi bila koti jeupe. Habari ilishaenea kwamba yupo. Kila asubuhi, kabla uani hapajafagiliwa, alikuwepo mwanamke mmoja amekuja "kumsalimia bibi". Baada ya salamu, macho yanamtafuta binti. Wanaenda nyuma ya nyumba, karibu na miparachichi. Wanazungumza kwa sauti ya chini.

Sikuwasikiliza, na yeye hanisimulii. Ameniambia jambo moja tu: kwamba karibu wote walianza kwa sentensi moja, "Mwanangu, hili sijawahi kumwambia mtu." Maumivu ya miaka. Uchafu wenye harufu. Hedhi isiyokatika. Wengine wana wake wenza, wana wakwe, wana wachungaji na masheikh, na hakuna walikoweza kulipeleka. Mwanzoni mwa masomo, anakiri, angewapa majina ya dawa ili aonekane anajua. Sasa anasikiliza mpaka mwisho, kisha anasema maneno yaliyomchukua miaka minne kuyaweza: "Mama, mimi bado nasoma. Hili linahitaji kupimwa." Kwa mmoja wao, mama wa makamo aliyekuwa amekwisha kukoma hedhi na akaanza kuona damu tena, hakuishia kwenye maneno. Kesho yake alfajiri alimpitia nyumbani kwake wakaenda hospitali pamoja, akakaa naye foleni. Alichokutwa nacho ni chake yule mama, sitakiandika. Ninachoweza kuandika ni kwamba damu baada ya kukoma hedhi, hata tone, ni ya kupeleka hospitali mara moja.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ni miongoni mwa saratani zinazokingika zaidi. Chanjo yake ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja, ikatolewa kwa wa miaka 9 hadi 14. Uchunguzi wa dalili za awali hufanywa kwa kupaka asidi ya siki: mtoa huduma anapaka, anasubiri dakika moja, anaangalia mabadiliko ya rangi. Haichukui muda wa kusuka nywele. Linalozuia wengi ni aibu, na aibu hiyo haitatibiwa na mashine.

Ndiyo maana natamani awe bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, na yeye sasa anatamani hivyohivyo. Njia ni ndefu: miaka 5 ya shahada, mwaka mmoja wa mafunzo kazini, kisha miaka mingine 3 ya ubingwa, mbali na muda wa kusubiri ajira, na tunajua wapo madaktari waliohitimu ambao bado wanaisubiri. Waliomtangulia wapo. Profesa Esther Mwaikambo, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Tanganyika kuwa daktari, alisomea Urusi ya Kisovieti wakati chuo chetu cha udaktari Dar es Salaam, kilichoanza 1963, kilikuwa bado kichanga. Yeye akawa bingwa wa watoto, na mwaka 1987 akawa mwanzilishi wa MEWATA, chama cha madaktari wanawake, ambacho baadaye kilizunguka mikoani kuwapima wanawake saratani ya matiti. Binti yetu ana picha yake kwenye simu.

Nilimuuliza kama atarudi. Mama yangu aliacha kuchochea moto ili asikie jibu. Akasema anataka kufanya kazi hapa, kwenye hospitali ya mkoa, au hata pale Peramiho ambako nusu ya ukoo wetu ulizaliwa, ili mwanamke wa Namtumbo au Mbinga asilazimike kupanda basi la zaidi ya kilomita 900 kwenda kumtafuta bingwa Dar es Salaam. Lakini akaongeza sharti, na sharti lenyewe si mshahara. Alisema hawezi kurudi mahali ambapo atajua kupima damu inayotoka, halafu akose ya kuirudisha.

Damu hiyo haitengenezwi kiwandani. Inatoka kwa mtu mzima mwenye afya, kuanzia miaka 18, mwenye uzito usiopungua kilo 50. Ndugu msomaji wa Lizaboni, Bombambili, Mfaranyaki na popote ulipo, mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Nenda hospitali ya mkoa, ulizia kitengo cha damu salama. Mama yangu umri umempita; mimi nilikwenda Jumatatu.