Tailizi za kuokota, bei si ya kuokota: mozaiki inayolipa na inayofika salama

Leo naongea na wewe unayeuza kazi za mikono mtandaoni, na wewe unayetafuta cha kuuza huku mtaji ni mdogo.

Mimi nipo Mbebe, wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe. Nimeishia kidato cha nne, kazi hii nimejifunza mwenyewe kwa kutazama video na kuwauliza mafundi. Natengeneza fremu za vioo, trei, namba za nyumba na vibao vya majina kwa vipande vya tailizi vilivyobaki saiti. Huku kwetu watu wengi wanalima, hela inaonekana baada ya mavuno. Ukisubiri mteja wa hapa kijijini tu, kodi ya fremu ya duka inakushinda. Kwa hiyo wateja wangu wengi ni wa mtandaoni: Tunduma, Vwawa, Mbeya, mpaka Dar.

Swali ninaloulizwa kila wiki ni hili: "Si umeviokota bure hivyo vipande? Mbona bei kubwa?" Leo nalijibu, maana ukishindwa kulijibu wewe mwenyewe, utafanya kazi ya bure mwaka mzima.

KWANZA, HII KAZI SIO YA UHUNI

Mozaiki ni picha au nakshi inayopangwa kwa vipande vidogo vya tailizi, kioo, sahani au mawe, halafu mianya inajazwa. Nenda Kunduchi, Dar es Salaam, kuna makaburi ya zamani yenye nguzo, ya karne ya 18, ambayo wenyeji walipachika sahani na bakuli za kauri kwenye chokaa. Zile zilikuwa sahani nzima, lakini wazo la kuweka kauri ukutani ipendeze, watu wa pwani walikuwa nalo zamani.

Leo hii Kitengela, karibu na Nairobi, mama mmoja anaitwa Nani Croze alianzisha karakana inayotumia vioo chakavu kutengeneza mapambo. Arusha wapo Shanga, wanatumia chupa zilizokwishatumika, na mafundi wao wengi ni watu wenye ulemavu. Kwa hiyo mteja akikwambia "hizi ni takataka", usinyong'onyee. Wenzio wanauzia watalii.

WAPI PA KUPATA VIPANDE

Tunduma na Vwawa ujenzi hauishi. Kila nyumba inayowekwa tailizi inabakiza vipande vya kukata kona, na maduka ya vifaa vya ujenzi yana boksi zilizovunjika njiani.

Usiingie saiti ukaanza kubeba. Msalimie fundi, omba, na ahakikishe mwenye nyumba amekubali. Ukipata namba ya mwenye nyumba, mtumie meseji: "Shikamoo mzee, naomba vipande vya tailizi vilivyovunjika." Akijibu ndiyo, itunze. Siku mlinzi akikuzuia getini na gunia, ile meseji ndo itakutoa.

Chagua tailizi za ukutani kuliko za sakafuni. Za sakafuni mita moja ya mraba inaweza kufika kilo 20. Za ukutani ni kama kilo 12, na zinakatika kirahisi. Sisi tunaosafirisha mizigo kwa basi, kila kilo ina maana. Halafu zipange kwa unene kabla ya kuanza. Ukichanganya nene na nyembamba, uso wa kazi unakuwa na vilima, na trei ya vilima haikalishi kikombe.

JINSI YA KUTENGENEZA

1. Ubao. Kwa kitu cha ndani tumia plaiwudi ya milimita 12. Ipake gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, pande zote mbili, iache ikauke. Usipofanya hivyo plaiwudi itakunywa maji ya simenti na kujikunja. Kwa kitu cha nje, mfano namba ya nyumba inayonyeshewa, achana na plaiwudi. Mimina kibao cha zege chembamba chenye waya ndani.

2. Kuvunja. Osha vipande, kausha, viweke ndani ya gunia, ndipo upige nyundo. Gunia linazuia vipande kuruka. Vaa miwani na glovu, jicho halina spea. Ukikata kwa mashine, kata kwa maji na uvae barakoa, kwa sababu vumbi la tailizi likiingia kwenye mapafu linaharibu taratibu bila wewe kujua. Watoto wakae mbali.

3. Kupanga. Panga kazi nzima ikiwa kavu kabla ya kubandika kipande hata kimoja. Acha mwanya wa milimita 2 au 3 kati ya vipande. Piga picha ili usisahau mpangilio.

4. Kubandika. Ndani ya nyumba gundi nyeupe ya mbao inatosha. Nje tumia gundi ya tailizi ya unga, ile ya mafundi, kwa sababu gundi nyeupe ikilowa inalainika. Ukiweka kipande cha kioo cha kujitazamia, kaa mbali na silikoni inayonuka kama siki, inakula rangi ya nyuma ya kioo na baada ya muda unaona madoa meusi. Dukani omba silikoni isiyo na asidi.

5. Kujaza mianya. Subiri saa 24. Changanya simenti nyeupe au grauti mpaka iwe kama uji mzito, paka kwa kusukuma iingie chini kabisa, halafu subiri kama dakika 20 na ufute kwa sponji yenye unyevu kidogo. Ukifuta mapema unaichimba, ukichelewa inagandia juu. Vaa glovu hata hapa, simenti mbichi inababua ngozi. Siku 2 zinazofuata ilinde na jua, inyunyizie maji kidogo ili isipasuke.

JARIBU KABLA MTEJA HAJAJARIBU

Hapa ndipo penye uzito kwa sisi wa mtandaoni. Mteja wako ametuma hela kwa simu kabla hajashika kitu. Mzigo ukifika umepukutika, umepoteza hela, na yeye ataandika kwenye ukurasa wako watu wote wasome.

Kuna mzee mmoja Marekani, Simon Rodia, mhamiaji kutoka Italia. Kuanzia mwaka 1921 mpaka 1954 alijenga peke yake minara uani kwake, eneo la Watts, Los Angeles. Alitumia vyuma, simenti, vipande vya tailizi, chupa, sahani zilizovunjika na makombe ya baharini. Mrefu zaidi unakaribia mita 30. Baadaye halmashauri ya jiji ikasema hiyo ni hatari, ibomolewe. Mwaka 1959 wakakubaliana kupima: mnara uvutwe kwa nguvu ya kama tani 4 na nusu. Mnara ukasimama. Mtambo wa kuvutia ndio uliokunja chuma chake, na ile minara ipo mpaka leo.

Kilichoiokoa minara ni kule kupimwa mbele za watu, kwa sababu sifa za uzuri hazikumzuia mtu wa kubomoa. Na wewe pima hivi:

- Gonga kila kipande kwa mgongo wa kijiko. Kikilia kwa sauti ya uwazi, hakijashika, king'oe ubandike upya.
- Geuza kazi kifudifudi juu ya blanketi, itikise. Kisianguke kitu.
- Kama inatundikwa, itundike siku nzima na mfuko wa mchanga wenye uzito mara mbili ya kazi yenyewe.
- Kwa kila aina mpya ya bidhaa, fungasha moja kama unaituma kweli, idondoshe kutoka usawa wa kiuno kwenye sakafu ya simenti, halafu fungua uone. Bora ivunjike kwako kuliko stendi.

Kipimo cha kijiko na cha kutikisa, nirekodi video fupi ya sekunde 20 na kumtumia mteja kabla sijapeleka mzigo kwenye basi. Hiyo video inauza kuliko maneno.

Kwenye kufungasha, sponji chakavu za mafundi makochi zinafaa sana, na mara nyingi wanakupa kwa bei ya soda. Weka boksi ndani ya boksi, kona zote nne zizibwe, andika KIOO kwa herufi kubwa pande zote. Piga picha ya boksi pamoja na risiti ya basi.

SASA TURUDI KWENYE BEI

Chukulia fremu ya kioo ya sentimita 40 kwa 40. Bei za kwako zinaweza kuwa tofauti, wewe angalia hesabu inavyokwenda.

Vipande: 0
Boda ya kubebea vipande: 2,000
Plaiwudi: 4,000
Kioo cha katikati: 3,000
Gundi na simenti nyeupe: 4,000
Skrubu na cha kutundikia: 1,000
Boksi, sponji na tepu: 3,000
Bando: 1,000
Jumla: 18,000

Umeona? Kipande ni bure lakini mkononi tayari imetoka 18,000. Bado saa zako. Kuosha na kupanga saa 2, kukata na kubandika saa 3 na nusu, kujaza na kusafisha saa 1 na nusu. Hizo ni saa 7. Ukijilipa 2,500 kwa saa ni 17,500. Sasa imefika 35,500. Ongeza asilimia 15 ya kuvunjika na ya kukuza biashara, unapata kama 41,000. Uza 42,000, na nauli ya mzigo alipe mteja.

Anayeuza fremu hiyo hiyo 20,000 kwa sababu "vipande nimeokota", amebaki na 2,000 kwa saa 7. Haifiki hata shilingi 300 kwa saa. Huyo anadhani ana wateja wengi, kumbe anawachangia.

Mteja akisema ni ghali, usigombane na usishushe haraka. Mtajie saa, mtumie video ya kijiko. Akiwa na bajeti ndogo, mpe kitu kidogo: kibao cha namba ya nyumba, au vikalio vya vikombe. Punguza ukubwa wa kazi, usipunguze thamani ya saa yako.

MAMBO MATATU YA KUANDIKA KWENYE KILA TANGAZO

Vipimo na uzito. Mteja wa mbali anataka kujua kama ukuta wake unabeba.

"Picha ni ya kitu chenyewe." Mozaiki mbili hazifanani, ukishauza futa tangazo au andika IMEUZWA. Akitaka oda, mwambie mapema kwamba rangi itategemea vipande vilivyopo.

Malipo ya oda ya jina. Chukua nusu kwanza. Kibao chenye jina la familia ya mtu akikikataa, huwezi kumuuzia mwingine.

Kama unaanza wiki hii, usikimbilie kioo kikubwa. Tengeneza vikalio vinne vya vikombe, vipime vyote kwa kijiko, na andika saa ulizotumia kwenye daftari. Ukiwa na zile saa, bei utaijua bila kuniuliza.

Umekwama kwenye gundi au hesabu? Andika hapo chini, nitajibu jioni nikifunga duka. Na kama una fundi tailizi unayemfahamu, mtumie hii, vipande anavyotupa vina wenyewe.