Asha Peke Yake: Upungufu wa Filamu ya Pumzi

Katika Pumzi (2009), filamu fupi ya bunilizi ya kisayansi ya Wanuri Kahiu, maji yamekwisha duniani. Asha, anayeigizwa na Kudzani Moswela, anatoroka jamii ya Maitu, yaani "mama" kwa Kigikuyu, akapande mche na kuunywesha jasho lake. Moswela hapewi maneno mengi, lakini mwili wake unabeba usimulizi barabara. Upungufu umo katika muundo: Asha anapanda peke yake na kuanguka peke yake. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, nayo miti ikapandwa na vikundi vya wanawake. Mtazamaji wa Nyeri hana budi kuuliza: wako wapi wenzake Asha?