Oda Mbili Zinapokuwa Moja: Kiwanda cha Korosho kwa Macho ya Mtu wa Nachingwea na Ruangwa

Sehemu ya Tatu

Oktoba ikifika, mizani ya vyama vya msingi Nachingwea na Ruangwa hainyamazi. Mkulima wa Naipanga anashusha gunia lake, karani anasoma kilo, anaandika jina, anakata stakabadhi. Kufumba na kufumbua korosho zile zimeungana na za jirani yake, na lori limezichukua kwenda ghala kuu. Huko zinapimwa tena, zinapangwa kwa loti, zinaingia mnadani chini ya chama kikuu cha RUNALI, jina lililoundwa kwa silabi za mwanzo za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Zikishauzwa, fedha hurudi kwa njia ileile: loti inagawanywa kwa vyama, na kila chama kinawagawia wakulima wake kilo kwa kilo.

Juma lililopita tuliona kwamba oda ya kazi ni hati ndani ya programu ya kiwanda inayosema: tengeneza kitu fulani, kiasi fulani, kwa malighafi fulani, kupitia hatua fulani, kabla ya siku fulani. Leo tunaingia mahali ambapo viwanda vingi vidogo hujikwaa, yaani kuunganisha oda mbili zikawa moja na kuigawa moja zikawa mbili. Nimeanzia kwenye mizani ya chama cha msingi kwa sababu naamini mtu aliyekulia kwenye mfumo huu wa stakabadhi ghalani anaijua nusu ya somo hili kabla hajagusa kompyuta.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kiwanda cha kubangua kilichopo Nachingwea kimepata wateja wawili. Wa kwanza, wa Dar es Salaam, anataka katoni 20 za korosho karanga daraja la W320. Wa pili yuko ng'ambo, anataka katoni 30 za daraja hilohilo. W ni alama ya punje nzima nyeupe, na 320 ni idadi ya punje zinazoingia katika ratili moja, haizidi hapo. Kwa hiyo namba ikipungua punje ni kubwa zaidi: W180 ndiyo mfalme, W450 ni miongoni mwa wadogo wa ukoo. Katoni moja hubeba ratili 50, sawa na kilo 22.68. Karani anafungua oda mbili, moja ya kilo 453.6 na nyingine ya kilo 680.4.

Msimamizi wa kiwanda akiziona atataka kuziunganisha, na ana sababu. Boila haiwashwi kwa kilo chache. Kuni au maganda yanateketea kabla mvuke haujatoka, na kila ukibadilisha ukubwa wa korosho lazima visu vya mashine ya kubangulia vipimwe upya. Gharama hiyo ya kujiandaa ni ileile ubangue gunia moja au mia. Mwaka 1913 Mmarekani mmoja, Ford W. Harris, aliandika makala fupi akiuliza ni vipande vingapi vitengenezwe kwa mkupuo mmoja. Jibu lake ni kwamba fungu likiwa dogo mno utaliwa na gharama za kujiandaa, na likiwa kubwa mno utaliwa na gharama za kutunza mali ghalani. Hesabu hiyo ingali hai katika programu za leo. Kwa hiyo msimamizi wetu anabonyeza, oda mbili zinakuwa moja ya katoni 50, kilo 1,134.

Programu nzuri haikubali kila muungano. Chukua Odoo, programu iliyozaliwa Ubelgiji na inayotumika hata katika biashara ndogo. Itazikataa oda ambazo bidhaa zake si zilezile, au ambazo orodha ya malighafi zake inatofautiana, au ambazo hazipo katika hali moja ya utekelezaji. Zikikubalika, oda za mwanzo hufutwa na mpya huzaliwa, ikiwa imebeba namba za wazazi wake katika sehemu ya chanzo. Watu hulalamika kwamba masharti haya yanawachelewesha. Mimi nayaona ni ya haki kabisa. Oda ambayo korosho zake zimeshapikwa haiwezi kuunganishwa na oda ambayo magunia yake bado yamefungwa, maana ukiulizwa saa nne asubuhi kazi imefika wapi, hutakuwa na jibu moja la kweli.

Na kuna sharti ambalo programu haitalijua usipoifundisha, nalo ni ukubwa na unyevu. Korosho kubwa na ndogo zikiingia kwenye mvuke pamoja kwa muda mmoja, ama ndogo zitapita kiasi na punje kubadilika rangi, ama kubwa zitabaki mbichi na ganda kung'ang'ania. Kwenye kisu ni vivyo hivyo, kwani mwanya uliopimwa kwa korosho ya kati utaipasua kubwa na kuikosa ndogo. Ndiyo maana kiwanda hupanga korosho kwa ukubwa kabla ya kuzipika. Muungano unaoonekana halali kwenye skrini unaweza kuleta punje zilizovunjika, na punje iliyovunjika haiuzwi kwa bei ya nzima.

Sasa nifike kwenye kiini cha makala ya leo. Kuunganisha karatasi si kuunganisha lundo.

Oda mbili zinaweza kuwa moja kwenye kompyuta, zikapikwa kwa moto mmoja, visu vikapimwa mara moja, huku magunia ya Naipanga yakipita kwanza na ya Mbekenyera, kule Ruangwa, yakifuata, kila moja na kibandiko chake, kila moja na beseni lake hadi mezani kwa kina mama wanaochambua. Huo ni muungano wa karatasi: faida ya mkupuo mmoja umeipata na asili hujaipoteza. Au unaweza kumwaga yote kwenye kapu moja tangu mwanzo. Huo ni muungano wa lundo, na hauna njia ya kurudi. Hakuna programu duniani itakayotenganisha tena korosho zilizochanganywa. Inachoweza kufanya ni kuandika kwa uaminifu kwamba kila katoni iliyotoka humo ina asili mbili.

Angalia stakabadhi ghalani kwa jicho hilo. Lundo limeunganishwa, lakini karatasi imetunza kilo za kila mtu, ndiyo maana malipo yanaweza kugawanywa. Kisichotunzwa ni ubora. Mkulima aliyeanika korosho zake vizuri, akaziokota kila siku na kuzichambua, akishaingia daraja la kwanza analipwa sawa na aliyeingia daraja hilo kwa kuponea chupuchupu. Kilo zake zinakumbukwa, jasho lake halikumbukwi. Silaumu mfumo, kwa sababu kupima ubora wa kila gunia la kila mkulima kungekuwa kazi kubwa. Ila kiwanda kinachonunua loti hiyo kijue kwamba kimepokea mali ambayo sehemu ya historia yake imekwisha kufutika, na kianze kuandika yake hapo hapo mlangoni.

Msimu wa 2018 ulitupa fundisho la upande mwingine. Bei ilipoleta mgogoro, Serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likaingia kubeba mzigo. Malipo yakatanguliwa na uhakiki ili kuwatenga wenye mashamba na wale walionunua kwa kangomba, yaani ulanguzi wa korosho za wakulima nje ya mfumo rasmi. Jina na kilo vilikuwepo kwenye kitabu, lakini kilichotafutwa ni shamba lililo nyuma ya jina. Waliokuwepo wanakumbuka jinsi kusubiri kulivyouma. Taarifa moja isipoandikwa siku ya kupima, huja kutafutwa miezi baadaye kwa gharama ya watu wasio na akiba.

Tugeukie kugawa. Hapa korosho inatofautiana na bidhaa ambazo programu hizi zilibuniwa kwa ajili yake. Joseph Orlicky, ambaye kitabu chake cha 1975 kuhusu kupanga mahitaji ya malighafi ndicho kilichotandika msingi wa programu hizo, aliwaza viwanda vya kuunganisha vyuma: vipuri vingi vinaingia, trekta moja linatoka. Korosho inakwenda kinyume. Gunia moja linaingia, vinatoka vitu kumi na zaidi: punje nzima za ukubwa mbalimbali, nusu, vipande, chenga, maganda ya kuchomea boila, na mafuta ya ganda yanayounguza vidole vya wabanguaji. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi ndizo hutoa kilo moja ya korosho karanga, na si zote zitakuwa W320. Kwa hiyo oda ya kubangua hugawanyika yenyewe, utake usitake. La kufanya ni kuupanga mgawanyo huo kwa kalamu kabla haujakupanga wewe.

Tuseme oda ina kilo 10,000 za korosho ghafi, zilizonunuliwa kwa shilingi 3,000 kwa kilo kwa ajili ya urahisi wa hesabu. Jumla ni shilingi milioni 30. Baada ya kupanga kwa ukubwa tunapata kubwa kilo 3,000, za kati 5,200, ndogo 1,700, na kilo 100 ni takataka na unyaufu. Oda moja inakuwa tatu. Kanuni ya kwanza ni kwamba jumla isibadilike: 3,000 na 5,200 na 1,700 na 100 zirudi 10,000. Inaonekana ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili, lakini hapo kwenye 100 ndipo penye kelele zote. Karani mvivu huziacha zile kilo 100 hewani, na mwisho wa msimu zimekuwa tani ambazo hakuna anayejua zilikokwenda. Neno unyaufu linajulikana vizuri kwenye vyama vyetu vya msingi, na mara ngapi limetumika kufunika wizi, wakulima wenyewe watakueleza. Korosho hunyauka kweli, maji yanatoka. Lakini unyaufu wa kweli una unyevu uliopimwa siku ya kuingia na unyevu uliopimwa siku ya kutoka. Uandikwe kwenye oda kama mstari unaojitegemea, na mstari huo uwe na sahihi ya mtu.

Kanuni ya pili inahusu fedha. Ile milioni 30 sasa inabebwa na kilo 9,900, kwa hiyo kila kilo iliyobaki inagharimu takriban shilingi 3,030, na oda ya korosho za kati inachukua kama milioni 15.76. Kugawa gharama kwa uzito kunafaa hapa kwa sababu bado ni korosho ghafi. Lakini ukifika kwenye meza ya kuchambua, uzito unakuwa hakimu mbaya. Ukizipa chenga mzigo sawa na W180 kwa kila kilo, vitabu vitaonyesha chenga zinakutia hasara kila siku na W180 zinakutajirisha, na mwenye kiwanda anaweza kuamua kuacha kuuza chenga kwa waokaji wa biskuti, akidhani ameziba tundu. Hapo gharama zigawanywe kwa thamani ya kila daraja sokoni. Niliwahi kukaa na mhasibu wa kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, tukahesabu upya madaftari ya msimu mzima kwa njia hiyo. Bidhaa aliyoiona ni mzigo ndiyo iliyokuwa inalipa umeme.

Kuna mgawanyo mwingine, wa muda. Umeme umekatika, oda ya kilo 1,000 imefika 600. Usiifunge kana kwamba imekamilika, wala usiiache wazi wiki nzima. Igawe: 600 ziende mbele, 400 zipate oda ya masalio yenye namba ya mama yake na kiambishi, kama 001 na 002, ili atakayeiona mwezi ujao ajue ni ndugu wa tumbo moja.

Na watu wa Nachingwea wana kumbukumbu yao ya kugawa vibaya. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulilenga ekari milioni 3.21 zilizogawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Kwenye karatasi mgawanyo ulitimia bila kubakiza hata ekari. Lakini hakuna fungu dogo lililotangulizwa kama jaribio la haki la udongo, mvua na mashine, na mapema 1951 mpango ulifutwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea iling'olewa miaka ya 1960. Oda kubwa ikigawanywa, kipande cha kwanza kiwe kidogo kuliko vingine, kibanguliwe na kupimwa chote, ndipo vingine vifuate.

Turudi kwa wateja wetu wawili. Zile katoni 50 zimekwisha kufungashwa, oda imegawanywa tena: 20 za Dar es Salaam, zilizotoka kwenye magunia ya Naipanga, na 30 za ng'ambo, za Mbekenyera. Tuseme ng'ambo hiyo ni Ulaya. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 178 ya mwaka 2002 inamtaka kila mfanyabiashara wa chakula ndani ya Umoja huo aweze kusema alikipata kwa nani na alimuuzia nani. Kabla mzigo haujaondoka, maabara inapiga simu: sampuli moja ya Mbekenyera ina ukungu. Ikiwa malundo yalimwagwa pamoja, katoni zote 50 zinashushwa. Ikiwa ziliungana kwenye karatasi tu, karani anafuata namba kutoka katoni hadi oda, kutoka oda hadi gunia, anazuia 30, na lori lenye 20 linaondoka jioni hiyohiyo.

Juma lijalo: gunia lenyewe, kibandiko chake, na nani hasa anapaswa kukiandika.