Matembezi ya Jioni kwa Mashua: Kagua Kabla ya Kupanda

Wakazi na wageni wengi hupenda kupanda mashua jioni katika hori ya Tudor, mkono wa bahari unaotenganisha kisiwa cha Mombasa na Nyali. Abiria hutazama bandari ya zamani, nyumba za Mji wa Kale na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo UNESCO iliitambua kuwa turathi ya dunia mwaka 2011.

Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, hivyo safari nyingi hurejea gizani. Maji yanapokupwa, hasa wakati wa bamvua, mkondo hukimbia kwa nguvu kuelekea bahari kuu. Mashua ikizimikiwa injini wakati huo inaweza kusukumwa nje ya hori, na abiria aliyeanguka majini haonekani kwa urahisi.

Kabla ya kulipa nauli, hakikisha kuwa:

• Chombo kina leseni ya Mamlaka ya Masuala ya Baharini ya Kenya (KMA) na hakijazidisha abiria.
• Kila abiria amevaa jaketi la kuokoa maisha linalomtosha, watoto wakiwemo.
• Mashua ina taa, na nahodha ana simu au redio.
• Mtu aliyebaki nchi kavu anajua saa ya kurudi.

Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, ahirisha safari. Kukitokea dharura, piga 999 au 112.