Kabla hujanunua paketi nyingine ya dawa ya kuku, soma hii

UMEJITAFUTIA hasla. Kuku 200 wa mayai, banda la mabati nyuma ya nyumba kule Ruai au Kitengela, na marafiki wawili mliochanga pesa pamoja. Mmelisha miezi mitano bila kuona hata yai moja. Halafu kuku wanaanza kutaga, jamaa wa mayai boilo anaahidi kuchukua trei kila asubuhi, na kwa mara ya kwanza unaona kwamba hii kitu inaweza kulipa.

Jumanne asubuhi kuku watatu wamejikunyata pembeni, mabawa yameanguka, kinyesi ni cha kijani. Jumatano ni kumi na wawili. Unafanya kile wafugaji wengi wadogo hufanya: unakimbia hadi agroveti iliyo karibu na steji, unamweleza muuzaji dalili mkiwa kaunta, na anakupa paketi ya unga wa manjano. Kijiko kimoja kwa lita kadhaa za maji. Dakika mbili mmemalizana, na hakuna mtu aliyemshika kuku.

Sasa hebu tuongee kuhusu hiyo paketi.

Yamkini ni antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, na mara nyingi huwa ni oksitetrasaiklini. Swali ambalo halikuulizwa pale kaunta ni kama kuku wako wana bakteria kweli. Kinyesi cha kijani, shingo iliyopinda na vifo vya haraka ni dalili zinazojulikana za Newcastle, ambayo wengine huiita kideri. Newcastle huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi hata ukinunua ile ya bei ghali zaidi dukani. Ukiona kuku wanahara damu, huenda ni koksidia, vimelea ambavyo si virusi wala bakteria na vina dawa yao. Kisha kuna magonjwa ambayo ni ya bakteria kikweli, kama taifodi ya kuku na maambukizi ya E. coli. Shida ni kwamba kuku wagonjwa hufanana. Wote hujikunyata, wote hukataa chakula, na ukisimulia dalili kwa mdomo tu, hata mtaalamu anabaki kukisia.

Kwa hivyo tuseme ni Newcastle na umeweka antibiotiki kwa maji. Kuku walioandikiwa kufa watakufa, na wachache watapona kivyao. Lakini dawa haikukaa bure. Imeingia kwenye matumbo ya kuku wote 200, wagonjwa kwa wazima, na matumbo hayo yamejaa bakteria ambao hawakuwa na kesi na mtu. Dawa imeua wengi wao. Waliobaki ni wale ambao, kwa bahati ya jeni zao, dawa hiyo haiwawezi. Sasa wana nafasi yote na chakula chote.

Hesabu yenyewe inatisha kidogo. E. coli akipata mazingira mazuri hugawanyika kila dakika 20. Bakteria mmoja aliyesalimika saa nne asubuhi anaweza kuwa zaidi ya milioni mbili ikifika saa kumi na moja jioni. Isitoshe, bakteria hawangoji kuzaa ndipo wapitishe ujuzi. Wana vipande vidogo vya jeni vinavyoitwa plasmidi, ambavyo mmoja anaweza kumpa jirani yake, hata jirani wa aina nyingine kabisa. Ni kama video inavyofowadiwa kutoka grupu moja ya WhatsApp hadi nyingine. Na plasmidi moja inaweza kubeba usugu dhidi ya dawa tatu, nne au zaidi kwa mpigo, zikiwemo dawa ambazo kuku wako hawajawahi kuonjeshwa.

Kama unadhani hayo ni mambo ya bandani tu, kuna jaribio moja la zamani ambalo kila mfugaji angefaa kusimuliwa. Katikati ya miaka ya 1970 daktari Stuart Levy wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, alichukua kuku 300 na kuwaweka kwenye shamba moja la familia karibu na Boston. Nusu walilishwa chakula chenye oksitetrasaiklini kidogo kidogo, kama ilivyokuwa kawaida ya wafugaji wa huko wakati huo ili kuku wakue haraka. Nusu nyingine walilishwa chakula kisicho na dawa. Kisha Levy na wenzake wakawa wanapima kinyesi cha kuku, cha watu wa shamba hilo, na cha majirani.

Baada ya takriban wiki moja, karibu bakteria wote wa matumboni mwa kuku waliolishwa dawa walikuwa sugu kwa tetrasaiklini. Hilo huenda ulilitarajia. Ndani ya miezi michache bakteria hao walikuwa sugu pia kwa dawa nyingine ambazo hazikuwa kwenye chakula. Na miezi mitano au sita ilipofika, ikawa ni zamu ya binadamu: katika asilimia 31 ya sampuli za kila wiki kutoka kwa watu wa shamba hilo, zaidi ya asilimia 80 ya bakteria walikuwa sugu kwa tetrasaiklini. Kwa majirani, ni karibu asilimia 7 tu ya sampuli zilizokuwa hivyo. Na hakuna binadamu aliyelishwa chakula kile cha kuku. Walifagia banda, wakaokota mayai, wakashika vyombo, basi. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1976. Chakula chenye dawa kilipoondolewa, usugu kwa watu wale ulipungua sana baada ya miezi kadhaa. Kumbuka hilo la mwisho, tutalirudia.

Utasema hayo ni ya Marekani ya kale. Sawa, tuje Nairobi. Watafiti wa mradi ulioitwa UrbanZoo walizunguka katika nyumba 99 za jiji hili na kuchukua sampuli za E. coli kutoka kwa watu, mifugo na wanyama-mwitu wanaoishi karibu na makazi. Walisoma jeni za bakteria 1,338. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka wa 2022, hayasemi kwamba kuku wako anakuambukiza kila siku. Bakteria walishirikiwa zaidi na wanaoishi boma moja, na kuvuka kutoka mnyama hadi mtu kulitokea kwa nadra zaidi. Lakini kulitokea. Nami napenda utafiti unaokataa kukuogofya bure. Unakuonyesha tu mlango uko wapi, na kwamba hauna kufuli.

Na si kuku pekee wa kulaumiwa. Sisi wenyewe humeza antibiotiki tukiwa na mafua, ugonjwa wa virusi, kisha tunaacha nusu ya dozi kwa droo. Mwaka wa 2019, kwa makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet, watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliokataa dawa. Kwa bakteria haijalishi usugu ulianzia kwa banda au kwa droo.

Hapa ndipo paketi yako inakuwa jambo la nyumbani. Chukua ile uliyo nayo, geuza nyuma, tafuta maandishi madogo ya viambato, uangalie herufi tu. Jina linaloishia na "-cycline" ni ukoo mmoja na doxycycline unayoandikiwa hospitalini. Linaloishia na "-floxacin" ni ndugu wa ciprofloxacin, na hata enrofloxacin, ile ya mifugo, sehemu yake hugeuka kuwa ciprofloxacin ikiingia mwilini mwa mnyama. Linaloanza na "sulfa-" ni la ukoo wa Septrin, ambayo watu wengi wanaoishi na HIV wamekuwa wakiitegemea kila siku. Tylosin ni binamu ya erythromycin. Mathe wako akipata maambukizi ya mkojo, ambayo mara nyingi huletwa na E. coli, daktari anachagua kutoka kwa koo hizi hizi.

Kuna paketi zingine ambazo kwangu mimi ni mbaya kuliko zote, kwa sababu zinauzwa kama vitamini. Zina picha ya kuku mnene na mayai, na kinachotajwa kaunta ni "kuongeza mayai". Ukisoma nyuma unakuta vitamini kweli, pamoja na antibiotiki mbili, tatu au hata nne. Wakati mwingine moja yao ni colistin. Hiyo ni dawa ambayo madaktari wa binadamu huiweka kabatini kwa ajili ya mgonjwa wa ICU ambaye dawa nyingine zote zimemshinda. Na wewe unawapa kuku wazima ili watage.

Uchina ilijifunza hilo kwa njia ngumu. Novemba 2015 watafiti wa huko walitangaza kwamba wamepata kwa nguruwe, kwa nyama ya madukani na kwa wagonjwa jeni iliyopewa jina mcr-1, iliyo kwenye plasmidi na inayowapa bakteria usugu kwa colistin. Muda si muda ilikuwa imeonekana Asia, Ulaya, Afrika na Amerika. Uchina ikapiga marufuku colistin kwenye chakula cha mifugo mwaka wa 2017. Walipopima tena, E. coli sugu kwa colistin miongoni mwa kuku walikuwa wameshuka kutoka asilimia 18 hivi mwaka wa 2015 na 2016 hadi asilimia 5 mwaka wa 2017 na 2018. Ni lile lile la shamba la Levy: ukiondoa dawa, usugu unaweza kurudi chini. Si kila mara, na si hadi sufuri, lakini unashuka.

Najua unachofikiria. Pesa. Tuseme daktari amethibitisha ni bakteria na ameandika dawa. Lebo itakuambia usubiri siku kadhaa kabla ya kuuza mayai au nyama, na kuna dawa ambazo hazifai kupewa kuku wanaotaga mayai ya kuliwa, hata kidogo. Kuku wako wakitaga mayai 150 kwa siku, hizo ni trei tano. Siku saba ni trei 35, na bei ya trei unaijua kuliko mimi. Hakuna atakayekufidia, na yule jamaa wa mayai boilo atapata mtu mwingine wa kumletea. Kwa hivyo watu huuza, kimyakimya. Kumhubiria mtu kama huyo ni rahisi ukiwa na mshahara. Muuzaji wa agroveti naye halipwi kwa ushauri, analipwa kwa paketi. Sheria inataka dawa hizi ziuzwe kwa maagizo ya daktari wa mifugo, lakini mitaa mingi haina daktari huyo, na kumwita kwa kuku kumi na wawili kunaweza kugharimu zaidi ya kuku wenyewe.

Ndiyo maana ujanja uko kabla ya ugonjwa. Norway ilionyesha hivyo kwa samaki: miaka ya 1980 wafugaji wa samoni walitumia antibiotiki kwa tani, kisha zikaja chanjo, na matumizi ya dawa yakashuka kwa zaidi ya asilimia 90 huku samaki wakizidi kuongezeka. Kwetu, chanjo ya Newcastle hutengenezwa hapa hapa Nairobi na taasisi ya serikali ya KEVEVAPI, na utaipata agroveti ile ile ya steji. Shida yake ni moja: kichupa huwa cha dozi 100 au zaidi, na kikishafunguliwa lazima kitumike siku hiyo hiyo. Jirani mwenye kuku 30 ataona ni hasara. Ongeeni basi, mchange, mchanje siku moja.

Kuku wakifa ghafla, usiwatupe wote. Weka mmoja au wawili kwenye mfuko wenye barafu, wasigande kwa friza, uwapeleke maabara ya mifugo siku hiyo hiyo. Kuna ile kuu ya Kabete, na nyingine za kanda kama Nakuru, Karatina na Mariakani. Hapo watapasua, watapima, na kama ni bakteria wanaweza kujaribu dawa gani bado inamuua. Nyama ya kuku isikutie hofu, moto unaua bakteria sugu sawa na wasio sugu. Chunga tu ule ubao uliokatia kuku mbichi, usije ukakatia kachumbari hapo hapo.

Na siku ya chanjo ikifika, jambo moja ambalo lebo hulisema kwa herufi ndogo mno: usitumie maji ya mfereji yenye klorini. Klorini huua chanjo kabla haijafika mdomoni mwa kuku. Tumia maji ya mvua au ya kisima, wanyime kuku maji kwa saa moja au mbili ili wawe na kiu, changanya, uwape asubuhi mapema kabla ya jua kuwa kali, na uhakikishe wamemaliza ndani ya saa mbili.